Ukelele wa Bawabu Isobe

Bawabu Isobe alipoingia katika maisha yangu alikuwa na maneno matano tu. "Simama hapo," halafu, "Lango limefungwa, mwanangu."

Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa tatu, sehemu ya kwanza ya katuni ya Kijapani iitwayo Ngome ya Chumvi, tuliyokuwa tukiitia sauti za Kiingereza katika studio iliyo nyuma ya duka la matairi kaskazini ya Dallas. Nilikuwa nimekwisha kumaliza kazi niliyoitiwa siku hiyo. Nilikuwa mkuu wa kijiji, mzee mpole aliyelalamikia kodi mara nne kisha akachomewa nyumba. Huyo nilimpa sauti yangu mwenyewe, ile ninayosomea Maandiko kanisani. Nilikuwa navua vipokea sauti aliponena Maribel Cantú, mwongozaji wetu, kutoka upande wa pili wa kioo.

"Bwana Ogletree, kabla hujaenda. Nina bawabu hapa, mistari miwili. Nipe mtu mwingine kabisa."

Ndiyo desturi ya kazi. Studio haimwiti mtu aendeshe gari saa nzima kwa ajili ya mistari miwili. Aliyepo humaliza vilivyopo. Sharti ni moja, mtazamaji asitambue kwamba mkuu wa kijiji na bawabu wanatoka koo moja. Basi nikashuka chini kabisa ya koo, pale mtu anaposukutulia maji ya chumvi, nikapata sauti ya kukwaruza kama mlango wa chuma unaoburutwa juu ya saruji.

Ikalia milio mitatu masikioni, pi, pi, pi, na pale ambapo mlio wa nne ungekuwa, nikaanza. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Kwenye skrini mtu wa kuchorwa anafungua mdomo, nawe ufungue. Anafunga, nawe uwe umemaliza. Mjapani aliyesema kwanza alisema kwa urefu wa lugha yake, na Kiingereza chetu kina urefu wake, na kazi yako ni kuuingiza mguu wako katika kiatu cha mwenzio bila kuchechemea.

Mara moja ikatosha. Duy, fundi mitambo, alicheka nyuma ya kioo. "Huyo babu kanywa petroli?"

Maribel hakucheka. "Bwana Ogletree, hiyo sauti unaweza kuishikilia?"

"Bibie, naweza kuishikilia mpaka Krismasi."

"Una hakika? Fikiri kidogo."

"Nimefikiri tangu kabla hujazaliwa."

Kisha akasema, "Haya. Imeingia."

Baadaye nilielewa kwamba mwongozaji haruhusiwi kumwambia mwigizaji yaliyo mbele. Wenye katuni hulinda habari zao kwa mikataba minene. Alichoruhusiwa ni kuuliza, na aliuliza mara mbili.

Nieleze kidogo nilivyofika pale. Nilipiga ribiti, pini za kuunganishia mabati, kwenye mabawa ya ndege kwa miaka thelathini na tatu, kiwanda cha Grand Prairie. Cheti cha sekondari nilikipata shule ya usiku nikiwa na miaka ishirini na tisa, na baada yake nikaendelea na chuo hivyo hivyo, jioni mbili kwa wiki, miaka minane. Somo nililolipenda lilikuwa la kusema. Mwalimu alitufundisha kumaliza kila neno tunaloanza, na tangu hapo nimekuwa msomaji wa kanisa letu, na Ijumaa mtangazaji wa mechi za shule. Nilipostaafu nikajiandikisha kwenye darasa la Jumamosi la watu wa kutia sauti katuni. Wenzangu wote walikuwa na nywele za rangi. Kwa miaka minne nimekuwa wafalme wagonjwa, mapadri, farasi mmoja na mti mmoja. Hakuna aliyewahi kuniita kwa jina la mtu niliyemwigiza. Unamaliza, unaaga, mti unakatwa.

Isobe hakukatwa. Sehemu ya tatu alikuwa na mistari sita. Sehemu ya nne akamficha shujaa, mtoto aitwaye Toki, ndani ya pipa la chumvi, akaongea dakika mbili. Maneno yalikuwa yakitufikia wiki kwa wiki, na kila wiki karatasi zangu zilinenepa. Ilipofika sehemu ya sita jina langu lilikuwa la tatu kwenye orodha ya mwisho, Hosea Ogletree, herufi kubwa. Mke wangu Verdell aliisimamisha picha akaipiga kwa simu, akawatumia dada zake wote.

Wiki hiyohiyo, kwenye maegesho, Corliss Stranahan alinishika mkono.

Corliss ndiye Toki. Ni mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mtu wa Waco, mzito, avaaye buti za wachunga ng'ombe kiangazi na masika, na kwa miaka thelathini amekuwa watoto wa kiume. Katuni za Kijapani zina watoto wa kiume kila kona, na mtoto wa kiume wa kweli sauti humvunjikia katikati ya kazi. Ya Corliss haivunjiki.

"Hosea, koo lako likoje?"

"Zima."

"Muongo. Umekunywa vikombe vinne vya asali mle ndani, na unakohoa kama trekta la baba yangu. Kwa nini ulimpa mzee yule sauti ile?"

"Alikuwa na mistari miwili."

Akanitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyekula sabuni. "Hukusoma kitabu?"

"Kitabu gani?"

"Ngome ya Chumvi! Kina juzuu kumi na nne! Isobe ndiye jenerali wa mfalme wa zamani, jamani, kila mtoto wa miaka kumi na miwili nchi hii anajua. Wewe si ndiye unayetuambia kila siku mtu asisome kamusi kwa kuruka kurasa?"

"Ni kitabu cha picha, Corliss."

"Ehe. Na kazi yako ni picha za kitu gani, za mafuta kwenye turubai?"

Nyumbani nina rafu tatu, historia, Maandiko, na ensaiklopidia niliyoinunua juzuu kwa juzuu. Niliviona vile vitabu vya picha mikononi mwa vijana darasani, nikadhani nimekwisha kuvipita. Ningesoma cha kwanza tu, ningempa Isobe sauti ambayo mtu anaweza kuishi nayo. Sasa nilikuwa nimefunga ndoa na mlango wa chuma.

"Kuna ukelele," Corliss akasema, akifungua gari lake. "Sehemu ya kumi na moja. Nakwambia mapema kwa sababu mimi si mwongozaji, na mikataba yao mimi siijui. Upumzishe huo mwili."

Sikuupumzisha. Sehemu ya saba, ya nane, ya tisa. Nilipanga maneno yangu ya wiki kama mtu apangavyo maji wakati wa ukame. Simu sikupokea. Nilimwachia mtu mwingine kutangaza mechi za majaribio. Studio sikusema kitu. Jumapili moja nilisimama kusoma Isaya, mlango wa arobaini, na mstari wa tatu ukatoka kwa sauti ya mlango wa chuma, mbele ya kanisa zima. Nikaujaribu tena. Hewa. Nikafunga kitabu, nikarudi kuketi, na mchungaji akamalizia mwenyewe.

Verdell alinipeleka kwa daktari Ijumaa iliyofuata. Daktari akapitisha kamera nyembamba puani akanionyesha kwenye skrini. Nyuzi mbili za sauti, mmoja mweupe na safi, mwingine umevimba, na katikati yake lengelenge la damu dogo kama punje ya mtama.

"Wiki mbili bila neno," akasema. "Wala kunong'ona, kunong'ona ni kubaya zaidi. Baada ya hapo tutaona. Ukilazimisha kelele kubwa, hili litapasuka, na siwezi kukuahidi kwamba utapata tena sauti yako ya kusomea."

"Hata kuzungumza kidogo?"

"Hilo lilikuwa swali lako la mwisho, Bwana Ogletree."

Sehemu ya kumi na moja ilikuwa irekodiwe Alhamisi, siku sita mbele, na ionyeshwe Jumamosi ya wiki inayofuata. Haisogei. Na nilijua kanuni. Sauti ikibadilishwa katikati hubadilishwa moja kwa moja. Anayeichukua anaichukua mpaka mwisho, na msimu ujao pia ni wake. Kulikuwa na mtu anaitwa Garrick, koo la fahali, miaka arobaini, ambaye angeweza kumkwaruza Isobe asubuhi na jioni na katikati akaimba. Nikimwambia Maribel, Isobe atakuwa wa Garrick kabla ya chakula cha mchana. Nisipomwambia, huenda nikapoteza vyote viwili, bawabu na Isaya.

Nikaamua kunyamaza siku tano, kisha niende.

"Miaka arobaini na sita naomba unyamaze," Verdell akasema Jumamosi, akikata mkate wa mahindi, "leo Bwana kajibu. Usiandike! Hiyo kalamu nayo iweke chini, unaandika kama unavyoongea."

Niliandika: *Chumvi imezidi kwenye maharage.*

"Ningeolewa na bubu ningekuwa mwanamke mnene mwenye furaha." Halafu akaketi mbele yangu, akaacha utani. "Hosea. Umwambie yule binti."

Nikatikisa kichwa.

"Unaogopa nini? Kwamba watasema umezeeka? Una miaka sabini na miwili. Habari hiyo wanayo."

Niliandika: *Ni wangu.* Akasoma, akaikunja ile karatasi mara nyingi mpaka ikawa ndogo, akaitia mfukoni mwa aproni.

Alhamisi saa tatu asubuhi nilikuwa ndani ya chumba cha kurekodia, chai ya tangawizi mkononi. Nilipojaribu neno la kwanza, sauti ilikuwapo. Siku tano zilikuwa zimenipa kitu. Tulianza na mazungumzo, kwa sababu kelele zote huachwa mwisho; ndiyo sheria ya kwanza wanayofundisha darasani, ukipiga kelele mwanzo huna tena cha kuongelea. Isobe anasimama mbele ya lango, maadui nje, Toki nyuma yake. Anamweleza mtoto kwa nini amelinda lango lile miaka thelathini. Dakika sita. Nilizisema vizuri. Nasema hivi bila majivuno, maana wale wawili nyuma ya kioo waliacha kunywa kahawa.

"Safi sana," Maribel akasema. "Imebaki mistari miwili ya mwisho. Mia mbili na kumi na tatu, ukelele. Mia mbili na kumi na nne, neno moja."

Akanionyesha picha. Lango linafunguliwa, si kutoka nje bali kutoka ndani. Aliyelifungua ni Kenta, mwanawe Isobe wa kulea. Isobe anageuka, anaona, na mdomo wake unafunguka. Unabaki wazi sekunde kumi na moja. Huwezi kudanganya hapo. Mdomo wa kuchorwa uko wazi, meno yote yanaonekana, na usipoujaza, mtazamaji ataona shimo. Kisha Isobe anamwambia Toki, "Kimbia."

Pi, pi, pi. Nikafungua mdomo. Ikatoka hewa, kama tairi.

"Samahani," nikasema. "Tena."

Pi, pi, pi. Safari hii kitu kama mwiba kilinichoma upande wa kushoto wa koo, na nikanyamaza mwenyewe.

Maribel akabonyeza swichi yake, nikaacha kuwasikia. Niliwaona tu. Sasa, mtu akitazama midomo ya watu miaka minne, kila siku, mdomo ukifunguka hapa na kufungwa pale, anapata maarifa ambayo hakuyaomba. Nilimwona Duy akisema, "Tutumie ule wa Mjapani?" Nilimwona Maribel akisema, "Mkataba hauruhusu." Kisha akasema jina, na jina lile linaanza kwa mdomo wazi na kuishia meno yameumana. Garrick.

Nikatoka.

Corliss alikuwa kwenye korido, kwenye kochi, akila korosho. Zamu yake ya Toki ilikuwa saa tano.

"Umekuwa rangi ya majivu," akasema. "Umeufikia ukelele?"

"Umenishinda."

"Daktari anasemaje?"

"Nani kasema nimekwenda kwa daktari?"

"Mke wako, nani mwingine? Tunapigiana simu tangu sehemu ya pili. Unadhani asali ile ya nyuki wa mwitu ilitoka wapi?" Akakung'uta mikono. "Nipe mimi huo ukelele."

Nilidhani anatania. "Corliss, yule ni jenerali. Ana miaka themanini."

"Na mimi nina mapafu ya watu wawili."

"Wewe ni mtoto wa miaka kumi!"

"Na wewe ulikuwa mti! Nilikuona, ulikuwa mti mbaya sana!" Watu wa mapokezi waligeuka. Akashusha sauti. "Sikiliza, mzee mwenzangu. Ukelele hauna jinsia, hauna umri, una urefu tu. Miaka ile mtoto mmoja niliyekuwa namwigiza alitapika sehemu nzima. Mimi siwezi kutapika, tumbo langu halijui. Alitapika nani? Mpishi wa studio. Hakuna aliyejua. Mpishi alifurahi."

"Watu watajua."

"Watu gani? Wewe ndiye utajua. Hilo ndilo linakuuma."

Lilikuwa kweli, na halikunipendeza kulisikia kutoka kwa mtu mwenye chumvi ya korosho kidevuni. Nilimfikiria Isobe mikononi mwa Garrick, msimu huu na ujao. Kisha nikarudi ndani, si chumba changu bali cha mitambo, ambako waigizaji hatuingii bila kuitwa, nikamwambia Maribel yote. Daktari, lengelenge, wiki mbili, siku tano.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Ana miaka thelathini na sita, na siku ile nilijisikia nimeitwa mbele ya darasa.

"Tangu lini?"

"Sehemu ya saba."

"Sehemu ya saba, Bwana Ogletree! Ungeniambia ningekugawia. Dakika kumi leo, dakika kumi kesho. Ningekupangia siku nne. Hiyo ndiyo kazi yangu! Unafikiri nakaa hapa kubonyeza swichi?"

"Nilidhani utampa mtu mwingine."

"Pengine ningempa. Lakini ningejua ninachokifanya." Akazungusha kiti. "Na sasa umekuja na wazo la nani?"

"La Corliss."

"Bila shaka." Akamtazama Duy. Duy akainua mabega. "Mara tatu," Maribel akasema. "Nawapa mara tatu. Isiposhikana, nampigia Garrick, na anarudia sehemu nzima kesho. Sitaki manung'uniko."

"Hutayasikia."

Tukaingia wawili, kipaza sauti kimoja. Nikaanza kumweleza Corliss namna ya kushuka chini ya koo, akanikatiza.

"Usinifundishe kupiga kelele, Hosea. Nilikuwa nalipwa kupiga kelele wewe ukiwa bado unagonga ribiti. Niambie analilia nini."

"Wamefungua lango."

"Hiyo nimeiona. Amekasirika?"

"Hapana. Hasira angekuwa nayo kama wangelivunja kutoka nje. Huyu ameona mkono uliofungua, na anaujua."

"Unaujuaje wewe?"

Sikutaka kulisema, lakini tulikuwa na mara tatu tu. "Kiwandani kwetu, siku wamiliki walipokuja kuzibeba mashine kuzipeleka kwingine, aliyewafungulia geti alikuwa Lonnie Sprague. Tulikula naye chakula cha mchana miaka kumi na tisa. Alikuwa na ufunguo siku zote, nasi hatukujua kwamba angeutumia."

"Ukafanya nini?"

"Nilikuwa na zamu. Nikaimaliza."

Corliss akaivua miwani, akaiweka juu ya karatasi zangu. "Basi ni huo. Ule ambao hukuupiga."

Mara ya kwanza alitoa sauti kubwa, nzuri, ya juu.

"Mtoto kaumwa na nyuki," Duy akasema masikioni mwetu.

"Kaa kimya wewe, nitakuja huko," Corliss akajibu, lakini alijua.

Mara ya pili alipanua miguu, akainama mbele, mikono magotini, kama mtu anayesukuma gari. Ilitoka chini, ikakwaruza, lakini iliisha sekunde mbili kabla ya mdomo wa picha. Nikamwona Maribel akiinua kidole kimoja. Moja imebaki.

"Pumzi," nikasema. "Unaianza pale anapoona. Aanze kuona kwanza, ndipo avute. Nitakushika mkono. Nikibana, vuta. Nikiachia, toa. Pumzi ya kuvuta ni yangu, hiyo naiweza. Na 'kimbia' ni yangu."

"Na mimi nipo katikati kama nyama ya mkate."

"Ehe."

Pi, pi, pi. Isobe akageuka. Nilimwacha aone. Nikavuta pumzi kwa sauti ya Isobe, nikambana Corliss mkono, nikaachia.

Sijui niuelezeje. Nimekuwa kwenye misiba, na nimesikia mitambo ikipasuka mtu akiwa ndani. Ulianza mdogo, kama mtu asiyeamini, ukashuka, ukapata chuma, na pale ulipopaswa kupungua ukaongezeka. Mimi nilifungua mdomo wangu pia, bila sauti, kwa sababu mwili ulikataa kusimama bure. Mdomo wa picha ukafungwa. Nikasema, "Kimbia," na sauti ilitoka imekwisha, kama inavyotakiwa itoke kwa mtu aliyetoka kulia vile.

Duy akairudisha nyuma akaicheza. Nilifumba macho nikautafuta mshono, mahali pumzi yangu ilipokwisha na yake ilipoanza. Niliutafuta kwa bidii, maana nilikuwa na sababu ya kutaka kuupata. Sikuupata.

"Inabaki," Maribel akasema. "Bwana Ogletree, Isobe ni wako. Sehemu ya kumi na mbili ana mistari mitatu, nitaisukuma mpaka siku ya mwisho kabisa, na kabla ya hapo nisisikie hata unaagiza kahawa. Kelele zozote za msimu ujao ni za Corliss. Umekubali?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Corliss, pumzika dakika kumi, tuanze Toki."

Corliss akavaa miwani, akafungua mdomo kujibu, na ikatoka sauti ya mlango wa chuma. Akajaribu tena, juu zaidi. Mlango wa chuma, ila mdogo.

"Toki ana mafua," akasema kwa sauti ileile, na Duy akacheka mpaka akashika meza.

Maribel hakucheka. Akafungua kalenda. Toki alikuwa na mistari mia na arobaini siku ile, na haingewezekana tena. Wakahamishia Jumamosi. Jumamosi Corliss alikuwa aende ziwani na dada yake kuvua kambare, alikuwa ameisema siku ile wiki tatu mfululizo, kila tulipokutana kwenye korido. Kelele huachwa mwisho, ndiyo sheria ya kwanza. Alikuwa ameipiga kelele yangu kabla ya kazi yake, akijua. Nami nilijua pia, alipokuwa akiingia nyuma yangu mlangoni. Nilijua na sikusema, kwa kuwa nilimtaka Isobe.

Mwisho wa zamu mwigizaji hutia sahihi kwenye karatasi ya mistari, yenye jina lake mbele ya kila namba, kuthibitisha kwamba ndiye aliyesema. Duy aliniletea. Nikashuka na kalamu mpaka mia mbili na kumi na tatu, nikalikata jina langu kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika juu yake Corliss Stranahan, kwa mwandiko wa kusomeka.

Maribel akainamia bega langu. "Ofisini watalirudisha jina lako, Bwana Ogletree. Mfumo wao unakubali jina moja tu kwa mhusika mmoja."

Nilikuwa nimekatazwa kuongea. Nikaandika pembeni: *Walirudishe wao*. Nikatia sahihi chini, nikamrudishia kalamu Duy, nikaenda nje kumtafuta Corliss kabla hajaondoa gari.